Butembo na Beni: Si kila sarafu yenye maandishi mawili mawili ina bei

Leo Butembo na Beni biashara inafanyika kwa noti za franka na dola. Feza ya chuma imebaki kumbukumbu ya wazee. Mojawapo ni franka 2 yenye pembe sita na picha ya tembo, iliyotengenezwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1943 kwa ajili ya Kongo ya Wabeleji.

Mwenye sarafu ya zamani akiona herufi zimejirudia, asikimbilie kudai dola nyingi. Mara nyingi muhuri wa chuma ulicheza kidogo wakati wa kugonga. Alama yake huwa bapa kama ngazi, na hupunguza unene wa herufi. Hiyo haiongezi bei.

Kosa linalotafutwa na wakusanyaji limo ndani ya muhuri wenyewe: ulipotengenezwa, maandishi yaliingia mara mbili bila kulingana. Hapo herufi hunenepa, zote mbili zimeinuka, na kwenye ncha huonekana mwanya. Ndivyo ilivyo senti maarufu ya Marekani ya 1955, nayo ya Philadelphia.

Kabla ya kuuza, itazame kwa kioo cha kukuza. Usiisugue: kuisugua kunaipunguzia bei.