Kabla ya kulipia makala yako yachapishwe, jaribu hii nambari

KUNA ujumbe ambao wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu wanaujua vizuri. Unaingia kwenye baruapepe ukianza na "Mheshimiwa Profesa", ilhali wewe hata hujamaliza sura ya tatu. Jarida fulani la "kimataifa" limevutiwa sana na utafiti wako. Litauchapisha ndani ya wiki moja, wewe tuma tu pesa. Na ili usiwe na shaka, makala yako yatapewa DOI.

Hapo ndipo watu hunaswa. Vyuo vingi vinataka uwe umechapisha kabla ya kuvalishwa joho, muda unayoyoma, supavaiza hapokei simu. Unalipa. Baadaye idara inakagua na kugundua kuwa ile nambari haifunguki popote. Pesa imeenda, na mahafali umeyakosa.

Sasa DOI ni nini hasa? Ni nambari ya kudumu ambayo makala ya kitaaluma hupewa mtandaoni. Ichukulie kama nambari ya kitambulisho chako. Leo unakaa Umoja, mwaka ujao unahamia Rongai, lakini nambari ni ile ile. Anwani ya kawaida ya tovuti ni kama nyumba ya kupanga. Chuo kikibadilisha tovuti au jarida likiuzwa, kiungo cha zamani kinakufa.

Na vinakufa kweli. Mwaka wa 2013, watafiti wa Harvard walichunguza viungo vilivyotajwa katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Karibu nusu havikumfikisha tena msomaji kwenye kile kilichokusudiwa. Mahakama ya Juu bana, si ukurasa wa udaku.

Ujanja wa DOI ni kwamba haikupeleki kwenye tovuti moja kwa moja. Unapitia doi.org, ambayo inaangalia kwenye sajili yake makala yanakaa wapi leo, kisha inakuelekeza huko. Mchapishaji akihama, kazi yake ni kubadilisha anwani kwenye sajili. Akizembea, hata DOI itakuangusha. Nyingi za makala ya kitaaluma husajiliwa na Crossref, shirika lisilo la kibiashara ambalo wachapishaji walilianzisha mwaka wa 2000.

Mfano: 10.1038/171737a0. DOI zote huanza na 10. Hiyo 1038 inamtambulisha mchapishaji, hapa ni jarida la Nature. Kinachofuata mkwaju amekichagua mchapishaji mwenyewe: juzuu la 171, ukurasa wa 737. Iandike baada ya doi.org/ na utaletewa makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA, yaliyochapishwa 1953, miaka mingi kabla ya intaneti kuwepo.

Basi fanya hivyo hivyo na lile jarida linalokuita profesa. Chukua DOI za makala matatu au manne waliyochapisha mwaka jana, uzijaribu moja moja. Zikifungua makala yenyewe, endelea kuchunguza. Zikikuambia hazipatikani, kimbia. Jaribio hili pia linafaa kwa marejeleo uliyopewa na roboti za akili unde kama ChatGPT. Hizo huweza kukutungia DOI inayovutia macho, kumbe haipo, au ipo lakini inafungua makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu ugonjwa wa ng'ombe.

Nimesema uendelee kuchunguza kwa sababu DOI halisi si cheti cha ubora. Crossref haisomi makala yako. Kwa miaka mingi mchapishaji mdogo alilipa dola 275 kwa mwaka, na dola 1 hivi kwa kila makala mapya. Tapeli mwenye bajeti kidogo anaweza hiyo. Tena kudumu ni kudumu, hata kwa aibu. Makala ya 1998 kwenye The Lancet yaliyohusisha chanjo ya MMR na usonji yalifutwa na jarida hilo mwaka wa 2010, lakini DOI yake bado inafunguka, na humo utakuta tangazo kwamba yamefutwa. Mimi naona hilo ni jambo zuri. Anayeyanukuu leo hana kisingizio.

Kuna upande wa pili wa nambari hizi, nao ni kuhesabu. Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza mwaka wa 1955 orodha ya nani amemnukuu nani katika sayansi, na mwaka wa 1964 akaitoa kama vitabu. Leo kompyuta ndizo hufanya kazi hiyo. Mchapishaji anapotuma orodha ya marejeleo Crossref, kila DOI iliyomo inaongeza moja kwa aliyenukuliwa. Hesabu hizo huangaliwa watu wanapotafuta ufadhili au kupandishwa cheo.

Tatizo ni kwamba jarida lisilotuma marejeleo huwa kama halijanukuu mtu. Google Scholar hujitafutia yenyewe mtandaoni, ndiyo maana idadi zake huwa kubwa kuliko za Scopus, inayochagua majarida ya kuingiza. Lakini makala ya Kiswahili yaliyotoka kwa karatasi tu yanaweza kunukuliwa katika tasnifu kumi, Eldoret hadi Dar, na bado mashine ikaandika sufuri. Afadhali kuna AJOL, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Ukiona DOI inaanza na 10.4314, ni yao.

Na kama jina lako ni J. Otieno au F. Hassan, jipe nambari pia. ORCID, iliyozinduliwa 2012, humpa mtafiti tarakimu 16 zinazomtenganisha na akina Otieno wengine wote, hata akibadilisha chuo au jina baada ya ndoa. Kujisajili ni bure, kwa hivyo yeyote anayekuitisha pesa za ORCID ni wale wale wa "Mheshimiwa Profesa".