Kiatu cha kisigino kirefu ni jengo, tukitazame hivyo

Mwanamke wa Pwani akishavaa buibui lake, kinachobaki kuonekana ni kidogo: uso, mikono yenye hina, mkoba na viatu. Ndiyo maana kwenye harusi zetu macho ya wanawake hushuka chini kabla ya kupanda juu. Kiatu kitasifiwa, kitaulizwa bei, kitaulizwa duka. Swali ambalo silisikii ni lile ninalojiuliza mimi kila nionapo kisigino kirefu: hiki kimesimamaje?

Mimi nilisomea ujenzi kwa stashahada, na katika umri huu wa miaka arobaini na ushei bado siwezi kupita chini ya roshani bila kutafuta boriti zinazoibeba. Jicho hilohilo ndilo ninalotazamia viatu. Shoga zangu hunicheka, huniambia mchuchumio ni pambo tu, tena la kutesa miguu. Leo nawajibu. Kiatu cha kisigino kirefu ni jengo dogo lenye kazi ngumu, na wanaokibuni sawasawa wanastahili heshima tunayowapa wajenzi wa madaraja.

Tuanze na hesabu. Chukua mwanamke wa kilo 60. Akikanyaga kwa mguu mmoja, tuseme nusu ya uzito wake imeshukia kwenye kisigino chenye ncha ya sentimita moja ya mraba. Hapo kilo 30 zimesimama juu ya eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndovu ana uzito wa tani kadhaa, lakini nyayo zake ni pana kama sinia, kwa hivyo kila sentimita ya ardhi chini yake hubeba mzigo mdogo kuliko huo. Ndiyo maana visigino vyembamba huacha vishimo kwenye sakafu za mbao na kuzama kwenye nyasi.

Shida ya pili iko katikati. Kiatu cha bapa kimelala chini chote. Cha kisigino kirefu kinagusa ardhi mahali pawili, mbele na nyuma, na kati yake ni hewa, kama daraja. Fundi hodari huficha ubapa wa chuma ndani ya soli, vile tunavyoficha nondo ndani ya zege. Huuoni, lakini usipokuwapo soli hujipinda, kisigino hukimbilia nyuma, na aliyevaa huenda naye.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema ni Salvatore Ferragamo, fundi wa viatu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1898. Alikwenda Marekani akiwa kijana, akawashonea viatu waigizaji wa Hollywood, na huko akasoma anatomia, elimu ya maumbile ya mwili, ili ajue kwa nini viatu vinaumiza. Akaona kwamba mtu akisimama wima, uzito wake unashukia kwenye upinde wa wayo, pale katikati ambapo viatu vingi havikuwa na egemeo la maana. Akaanza kuweka chuma hapo.

Kisha historia ya upande wetu wa dunia ikamfikia kiwandani. Mwaka 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na Shirikisho la Mataifa likaiwekea vikwazo. Chuma kizuri kikaadimika na kile kilichopatikana kikawa kinavunjika. Ferragamo akachukua koki, gome jepesi la mti wa kisiwani Sardinia ambalo hutumika kuziba chupa, akalipanga na kuligundisha mpaka likajaza ule uwazi wote kati ya soli na kisigino. Daraja likawa ukuta. Hapakuwa tena na haja ya chuma, kwa sababu hapakuwa tena na hewa ya kuvuka. Hicho ndicho kiatu cha soli nene ya mteremko ambacho mama zetu na sisi tumekivaa miaka yote.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yakageuka. Kufikia miaka ya 1950 mafundi waliweza kupitisha chuma ndani ya kisigino chenyewe, na mbao peke yake ingevunjika kwa wembamba ule. Roger Vivier, Mfaransa aliyefanya kazi na Christian Dior, ni miongoni mwa waliokifanya kisigino chembamba kiwe maarufu. Baadaye alibuni kisigino kilichojikunja kuingia ndani, umbo la alama ya mkato. Ukikiangalia unadhani kitaanguka. Hakianguki, kwa kuwa ncha yake inarudi kule kule uzito unakoshukia.

Katika miaka hii ya 2000 wasanifu wa majengo wameingia wenyewe. Rem D. Koolhaas, mpwa wa msanifu mashuhuri wa Uholanzi mwenye jina hilohilo, alishiriki kuanzisha kampuni ya United Nude mwaka 2003. Kiatu chao cha kwanza, Möbius, ni ukanda mmoja unaojipinda ukawa soli, kisigino, na pa kukanyagia, bila kukatika.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2013 kiatu ninachokihusudu kuliko vyote, Nova, kilichobuniwa na Zaha Hadid. Huyu alikuwa binti wa Baghdad, aliyezaliwa mwaka 1950, akasoma hisabati mjini Beirut kabla ya usanifu London. Mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo. Alifariki mwaka 2016.

Nova kina urefu wa karibu sentimita 16, na kisigino cha mvaaji kinaonekana kuelea hewani bila nguzo chini yake. Kuelewa siri yake, nenda Mji wa Kale hapa Mombasa ukasimame chini ya roshani. Kwa mbele haina nguzo, lakini watu walikaa juu yake wakipunga upepo, vizazi kwa vizazi. Inashikwa upande mmoja tu, pale mbao zake zilipoingia ukutani, na uzito wa ukuta ndio unaozikandamiza zisichomoke. Zaha alifanya vivyo hivyo: sehemu ya chini ya kiatu ndiyo ukuta, na pa kukalia kisigino ndiyo roshani. Tena mbele, ndani ya kiatu, alificha jukwaa la kuinua vidole ili mteremko usiwe mkali kama unavyoonekana kwa nje.

Mwingine ni Julian Hakes, msanifu wa Uingereza aliyezoea kubuni madaraja. Kiatu chake, Mojito, ni utepe mmoja uliouzunguka mguu, na katikati hakina soli kabisa. Alitazama alama ya mguu kwenye mchanga akaona wayo unagusa mbele na nyuma tu. Jaribu mwenyewe maji yakitoka ufuoni: pale katikati mchanga hauguswi sana. Ferragamo alisema katikati pabebwe. Hakes akajibu kwamba mguu tayari una daraja lake wenyewe. Wote wawili walianza na mguu, ndipo wakaenda kwenye umbo.

Na bibi zetu? Mitawanda yao ya mbao, yenye msuruaki wa kushikwa kati ya vidole, ilikuwa ubao juu ya vikalio viwili, daraja la kuvukia sakafu ya maji. Iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye uwezo ilinakshiwa vizuri mno. Kwa hivyo kuinua mguu kwa ufundi hatukufundishwa juzi.

Sasa nirudi kwa shoga zangu na mateso ya miguu. Wana haki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kisigino kadiri kinavyopanda ndivyo uzito unavyosukumwa kwenye vidole. Wapo pia wabunifu waliosahau kwamba ndani ya kiatu mna mtu. Alexander McQueen alipoonyesha viatu vyake vya umbo la kakakuona, Paris mwaka 2009, vyenye urefu wa karibu sentimita 30, baadhi ya wanamitindo walikataa kutembea navyo. Mimi navistaajabia kama sanamu. Kuviita kiatu kizuri siwezi, kama nisivyoweza kuita nzuri nyumba isiyo na ngazi.

Hicho ndicho kipimo changu, na ukienda Kongowea au dukani unaweza kukitumia bila diploma. Kiweke kiatu mezani: kikiyumba, kirudishe. Kitazame kwa nyuma: kisigino kiwe wima katikati, kama nguzo. Kikunje: kipindike penye vidole, kisipindike katikati, kwani kikipindika hapo chuma ni kibovu au hakimo. Shika kisigino ukitikise: kikicheza, kimegundishwa tu. Chini kabisa kiwe na kibandiko kinachoweza kubadilishwa na fundi. Nimewaona maharusini dada wakirudi nyumbani wamebeba kiatu mkononi kwa kukosa mambo haya, na bei waliyolipa haikuwa ndogo.

Mafundi wetu wa makubadhi na wa viatu vya shanga wana mikono mizuri sana. Natamani siku moja mmoja wao akae na kijana anayesomea ujenzi chuoni, wachore pamoja kisigino cha Pwani, chenye nakshi za milango yetu kwa nje na hesabu sahihi kwa ndani. Akitokea, mimi nitakuwa mteja wa kwanza, na nitakikunja kabla ya kulipa.