Koo la Mbuzi wa Kiamaiko

Mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, hapa Huruma, hulisha nyama choma nyingi za Nairobi, lakini koo lao halina mnunuzi. Sisi tunaolaza wagonjwa kwa nusukaputi tunalitamani. Pitisha kidole mbele ya shingo yako: chini ya kile kifundo kigumu kuna kibonde laini, kisha gegedu iliyo kama pete. Kwenye kibonde hicho, ngozi na utando tu ndivyo vinavyoziba bomba la hewa. Mbuzi naye anacho, na juu ya koo lake mtu anaweza kujifunza kukata bila kumuumiza yeyote.

Kwa nini akate? Dawa ya kulegeza misuli ikishaingia, mgonjwa halegei tu, anaacha kupumua. Mtu mzima mwenye afya, akivutishwa oksijeni tupu kwa dakika tatu kwanza, anaweza kustahimili dakika kama nane. Bila maandalizi hayo hubaki na dakika moja au mbili. Mjamzito na mtoto mchanga huishiwa mapema zaidi. Ndani ya muda huo mrija uwe umeshapita kooni, na kwa wagonjwa wengi hupita kwa sekunde chache.

Wengine hawapitishiki kirahisi, na hapa Eastlands tunawajua. Kuna jino lililooza mpaka usaha ukashuka chini ya ulimi na taya likagoma kufunguka. Kuna kovu la moto lililovuta kidevu mpaka kifuani. Mafuta yalipolipuka mtaa wa Sinai mnamo Septemba 2011, majeruhi walikimbizwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Na koo lililovuta hewa ya moto huvimba saa hadi saa, hata anayezungumza vizuri adhuhuri akakosa nafasi ya mrija jioni. Usiku wa Aprili 29, 2016, ghorofa liliporomoka hapa hapa Huruma kwenye mvua kubwa. Mtu anayetolewa kwenye kifusi hatuthubutu kumkunja shingo, ilhali kuikunja ndiko kunakotufungulia njia ya kuona.

Watu hudhani mafunzo ya juu ni kujifunza vifaa: laringoskopu yenye kamera, kamera nyembamba ya kupitisha puani mgonjwa akiwa macho. Navyo ni muhimu. Ila kwangu mimi, somo kubwa ni kujua saa ya kuacha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliruhusu kujaribu mrija mara tatu, na mara ya nne kwa aliyebobea zaidi tu. Baada ya hapo jaribu barakoa ya kooni, kisha barakoa ya uso. Oksijeni ikigoma kuingia kote huko, tamka kwa sauti kwamba umeshindwa, ushike kisu.

Saa hiyo ikipita bila kuonekana, mtu hufa. Mwaka 2005, huko Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa kwa upasuaji mdogo wa pua. Mrija ulikataa. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kuujaribu huku oksijeni ikiwa chini mno kwa zaidi ya dakika ishirini. Muuguzi alikuwa ameshaleta vifaa vya kutoboa koo, lakini havikutumika. Elaine alifariki siku kadhaa baadaye. Mumewe Martin, rubani, hakuomba mtu afukuzwe. Aliomba timu za upasuaji zifundishwe kusemezana kama wafanyavyo marubani.

Ndiyo maana kozi inayomwita daktari bingwa peke yake inanisikitisha. Kenya, wanaolaza wagonjwa kwenye hospitali nyingi ni maofisa wa kliniki na wauguzi waliosomea nusukaputi. Waitwe wao, aitwe na muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye afundishwe kusema, "Daktari, majaribio matatu yameisha. Kisu hiki hapa." Mwaka usipite bila kurudia zoezi, kwa maana mkono husahau upesi kitu unachokifanya mara moja katika maisha. Koo la mbuzi halihitaji bajeti ya wizara.

Nawe msomaji, ukiambiwa baada ya upasuaji kwamba koo lako lilisumbua, omba uandikiwe: nini kilishindikana, nini kilifaulu. Karatasi hiyo iweke pamoja na kitambulisho chako, umwonyeshe atakayekulaza safari ijayo kabla hajavuta dawa kwenye sindano.