Deni la Ubia: Kweli au Uongo?

Kutoka Mbita hadi Isebania, biashara nyingi huanza kwa maneno ya mdomo. Mmoja ana mashua, mwenzake ana pesa za nyavu na taa za omena. Mmoja ana duka la mbolea Awendo, shemeji yake analeta mtaji. Faida ikiingia hakuna anayeuliza sheria inasema nini. Mwenye mzigo akianza kudai, kila mtu huzuka na sheria yake.

"Hatukuandikiana, kwa hiyo sisi si wabia." Uongo. Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2012 huangalia uhusiano wenyewe: watu wanaoendesha biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Pasipo karatasi, mahakama itauliza nani aliagiza bidhaa, nani aligawiwa faida, na meseji za M-Pesa zinasimulia nini.

"Tulikubaliana nusu kwa nusu, basi nalipa nusu." Uongo, na huu ndio unaofilisi watu. Tuseme wenye duka la Awendo wamechukua mbolea ya shilingi 600,000 kwa mkopo, malipo ya miwa yakachelewa, wakulima nao wakashindwa kulipa. Aliyewauzia hakuwepo mlipokuwa mkigawana asilimia, na makubaliano hayo hayamfungi. Akishinda kesi dhidi ya biashara, mbia aliyepelekewa samansi akiwa mbia anaweza kukamatiwa mali yake binafsi: pikipiki, ng'ombe, hata ploti isiyohusiana na duka. Kweli, aliyelipa zaidi ana haki ya kumdai mwenzake. Lakini ikiwa mwenzake ameshavuka mpaka wa Sirare na simu hapokei, haki hiyo itamfaa nini?

"Yeyote anayegawiwa mapato ni mbia." Uongo, na hapa wavuvi na wachimbaji wasikie vizuri. Vijana wanaopiga kasia usiku hulipwa fungu la samaki. Wanaoshuka mashimoni Macalder mara nyingi hulipwa sehemu ya mawe yenye dhahabu. Kanuni ya kale, iliyoandikwa katika sheria ya Uingereza ya 1890 na kupitia huko ikaingia Kenya, ni kwamba kugawana mapato ghafi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mbia. Kugawana faida, yaani kinachobaki baada ya gharama, ni dalili nzito zaidi, ingawa nayo haimalizi ubishi: mfanyakazi anaweza kulipwa kutoka faida akabaki mfanyakazi. Kwa hiyo mwenye mashua aliyekopa injini asiwaburute mabaharia wake kwenye deni kwa sababu tu walikula fungu.

"Mimi nilishatoka." Nusu kweli. Madeni ya wakati ukiwa ndani yanakufuata, isipokuwa anayedai mwenyewe akubali kukuachilia. Ya baadaye yanaweza pia kukugusa iwapo wauzaji waliokujua kama mbia hawakuambiwa kwamba umeondoka. Waandikie, na jina lako litolewe kwenye usajili. Anayeingia leo, kwa upande wake, habebi madeni ya jana kwa kuingia tu.

"Tumesajili jina, tumelindwa." Uongo mtupu. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha ni nani aliye nyuma ya kibao, basi. Kinga hutoka kwa kampuni yenye dhima yenye kikomo, au kwa ubia wa aina hiyo ulioruhusiwa na sheria ya 2011. Hata huko, benki ikikutaka uweke sahihi kama mdhamini binafsi, kwa deni hilo umeivua kinga kwa mkono wako.

"Deni likikaa, hufa." Si haraka hivyo. Dai la mkataba lina miaka 6, na kulipa kidogo au kulikiri deni kwa maandishi kunaweza kuanzisha hesabu upya. Hukumu ikishatoka, ina miaka 12.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Ukiletewa samansi kama mbia na wewe si mbia, usiifiche chini ya godoro ukingoja ipite. Ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa humo, useme wazi kwamba unakana ubia, kisha upeleke ushahidi wako.