Lebo zilizoyeyuka Busia zilinifundisha kuchagua printa

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MVUA ilitukuta Bugiri, tukiwa tumebakiza mwendo mfupi kufika Busia. Katoni zangu nane za achali ya pilipili zilikuwa juu ya keria ya taksi, zimefunikwa kwa turubai lenye matundu. Sikuwa na wasiwasi wowote. Achali ilikuwa ndani ya chupa za vioo na vifuniko nilivikaza mwenyewe. Sikuzifikiria lebo.

Tulipofika mpakani, afisa aliyekuwa akikagua mizigo alifungua katoni ya kwanza, akatoa chupa na kuigeuza huku na huku. Picha ya pilipili niliyoihangaikia siku mbili kwenye kompyuta ilikuwa imechuruzika hadi chini ya chupa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imegeuka doa.

"Mama, hii imetengenezwa lini?" aliniuliza kwa upole.

Nilimjibu kuwa ni wiki iliyopita.

"Wewe unajua. Mimi nitajuaje?"

Sikuwa na la kusema, maana afisa alikuwa na haki. Mfanyabiashara niliyemletea mzigo, mama wa makamo mwenye wateja wa maduka upande wa Kenya, naye alizitazama zile chupa akatikisa kichwa. "Binti yangu, achali yako ni tamu, hilo nakubali. Lakini mwenye duka hawezi kuweka rafuni chupa isiyo na jina wala tarehe." Chupa 192 zikarudi Kampala kwa nauli yangu.

Nawaandikia wenzangu waliorudi nyumbani kutoka ughaibuni na wale wanaovusha bidhaa zao Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, ili makosa yangu yawe yangu peke yangu.

Printa ndani ya sanduku

Nimekulia Nsambya, kilima cha Kampala kinachojulikana kwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa mwaka 1903, nyumba za reli na kambi ya polisi. Kiswahili tulikipata mapema kwa watoto wa askari. Baadaye kikanisaidia sana Muscat, ambako nilifanya kazi za ndani kwa miaka saba katika mtaa wenye familia nyingi zenye asili ya Zanzibar. Huko ndiko nilikojifunza achali.

Wenzangu waliokuwa kwenye kyeyo, kama Waganda wanavyokiita kibarua cha ughaibuni, walirudi na televisheni na mashuka. Mimi nilirudi na printa. Niliiona dukani kwa bei ya punguzo, ndogo, ya rangi, nikajiambia kuwa biashara yangu ya chupa imepata lebo. Sikumuuliza muuzaji swali hata moja zaidi ya bei.

Ilikuwa printa ya wino wa maji, ambayo wauzaji huiita inkijeti. Aina nyingine kubwa ni printa ya leza. Tofauti ya mashine hizi mbili ndiyo iliyonirudisha kutoka Busia, kwa hiyo inafaa kuielewa kabla ya kutoa fedha.

Wino na unga

Printa ya wino hurusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon nchini Japani, aliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa sindano yenye wino, na wino ukaruka. Kutoka hapo ikazaliwa njia ya kurusha wino kwa joto. Kwa sababu wino huo huwa na maji, karatasi huunywa. Ukiwa wa rangi ya kuyeyuka, kama ulivyo wino wa rangi wa printa nyingi za bei nafuu, maji yakirudi nao unarudi kuwa maji. Uko pia wino wa chembe, ambao huvumilia zaidi. Baadhi ya printa hutumia wino wa chembe kwa rangi nyeusi tu, nyingine kwa rangi zote.

Printa ya leza haitumii maji kabisa. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox ya Marekani ndiye aliyeivumbua, na mashine yake ilikuwa ikifanya kazi mwaka 1971. Mwanga wa leza huandika kwa chaji ya umeme juu ya ngoma inayozunguka, unga mkavu unaoitwa tona hunata pale palipoandikwa, kisha roli la moto wa karibu nyuzi joto 200 huuyeyusha unga huo juu ya karatasi. Tona ni plastiki, na ndiyo maana tone la maji haliifuti.

Jaribio la jikoni

Nilipotulia baada ya hasara ya Busia, nilimwomba jirani mwenye duka la kutoa kopi anichapie lebo yangu kwa leza. Ile ile nikaichapa kwa printa yangu. Nikaziacha zikauke siku nzima, nikazibandika kwenye chupa na kuzitesa kama zitakavyoteswa njiani: maji, mafuta ya achali, kidole gumba, na wiki mbili za jua la dirishani.

Kwa maji, lebo ya wino ilichuruzika mara moja. Ya leza ilibaki na maandishi yake, ingawa karatasi yenyewe ililainika na pembe zikaanza kubanduka. Hapo nikajifunza kwamba tona haigeuzi karatasi kuwa plastiki.

Kwa mafuta, zote mbili zilipata madoa, lakini ya leza ilisomeka. Kwa jua, rangi ya wino wangu ilipauka upesi, hasa nyekundu. Hata hivyo leza nayo ilikuwa na udhaifu wake. Pale nilipoikunja lebo pembeni, tona ilipasuka na kuacha mstari mweupe, na nilipoikwaruza kwa ukucha ilitoka vipande. Kwa uzuri wa picha, ya wino iliishinda: pilipili yake ilionekana kama ya kuchumwa.

Nilijaribu pia kufunika lebo ya wino kwa selotepu pana inayoonyesha. Ilisaidia sana. Lakini kufunika chupa moja na kufunika chupa 192 ni kazi mbili tofauti, na maji yakipata upenyo pembeni yanaingia tu.

Hesabu ya kila lebo

Watu wengi hununua printa kwa kutazama bei ya mashine, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini rahisi ni ghali. Mashine ya wino ya bei ndogo mara nyingi hula katriji za bei kubwa, na idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi hukadiriwa kwa ukurasa wa kawaida ambao wino hufunika sehemu ndogo tu, mara nyingi kama asilimia 5. Lebo yenye rangi kutoka pembe hadi pembe hunywa wino mara nyingi zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano wa kufundishia hesabu. Tuseme katriji ni shilingi 60,000 za Uganda, na kwa lebo zako imetoa karatasi 40 zenye lebo 12 kila moja. Hizo ni lebo 480, yaani shilingi 125 za wino kwa kila lebo, kabla ya karatasi ya stika. Tuseme tona nyeusi ni shilingi 150,000 na imetoa karatasi 1,000 za lebo hizo hizo. Hizo ni lebo 12,000, kwa shilingi 12.50 kila moja. Weka bei za duka lako na idadi yako mwenyewe, lakini usiache kugawanya.

Ziko pia printa za wino zenye matangi ya kujazia kwa chupa, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010 na sasa zimeenea. Hizo hupunguza sana gharama ya rangi. Ukiichukua, uliza kama wino wake ni wa kuyeyuka au wa chembe, maana tangi kubwa la wino unaochuruzika bado ni wino unaochuruzika.

Ukiwa msafiri wa mpakani, fikiria pia kwamba printa ya wino haipendi kukaa bure. Ukikaa Busia wiki tatu, matundu yake hukauka, na kuyasafisha hunywa wino ule ule uliolipia. Tona ni unga. Hukusubiri miezi.

Umeme wa kwako na wa huko

Leza inapopasha moto lile roli huvuta umeme kwa kishindo, mamia ya wati na wakati mwingine kufikia 1,000. Printa ndogo ya wino hutumia wati chache tu, kiasi cha balbu. Kama kazi yako inategemea sola ndogo au inveta, leza itakuangusha na printa ya wino itakufaa.

Wenzangu mnaorudi kutoka Marekani msikie hili vizuri. Printa nyingi za leza hutengenezwa kwa volti za nchi inakouzwa, na umeme wa Marekani ni kama volti 120 wakati wetu ni 240. Nyingi za wino hukubali zote mbili. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia mzigo wa ndege. Aidha, kampuni nyingine hufunga printa zao kwa kanda, hata katriji ya kanda nyingine ikakataliwa. Hakikisha katriji ya mashine yako inauzwa Kampala.

Na stika nazo zina mashine zake. Stika ya plastiki isiyotengenezwa kwa leza huyeyuka na kuganda kwenye roli la moto. Fundi mmoja wa Nasser Road alinionyesha roli lililokufa hivyo. Boksi la stika lisiposema kuwa linafaa leza, usiliingize.

Njia ya tatu

Nasser Road haiko mbali na Nsambya, ni kuvuka reli tu kuelekea mjini. Barabara hiyo na jirani yake Nkrumah Road ndizo moyo wa uchapaji wa Kampala, kuanzia kalenda na mabango ya wanasiasa hadi kadi za harusi. Kijana mmoja pale aliitazama lebo yangu akacheka. "Mama, kwa nini unachapa pilipili kila wiki? Pilipili haibadiliki. Kinachobadilika ni tarehe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi wangu. Nilichapisha lebo za rangi kwa wingi, kwenye stika ya plastiki isiyoingia maji, zikiwa na jina la bidhaa, viungo, uzito, anwani yangu, namna ya kuhifadhi na maneno kwamba imetengenezwa Uganda. Nikaacha nafasi nyeupe. Nyumbani nikanunua leza ndogo nyeusi iliyotumika. Inachapa kijistika cha karatasi chenye namba ya toleo na tarehe mbili tu, nakibandika kwenye ile nafasi na kukifunika kwa kipande cha selotepu. Kamwe sikibandiki juu ya tarehe nyingine, kwa sababu mkaguzi yeyote akiona tarehe juu ya tarehe ana sababu ya kutilia shaka.

Njia hii inamfaa mwenye bidhaa moja au mbili zisizobadilika. Anayetengeneza bidhaa kumi, chupa ishirini kwa kila moja, abaki na printa yake ya rangi, atafute wino wa chembe na stika zinazostahimili maji.

Printa haiandiki kibali

Liko jambo ambalo hakuna mashine itakayokufanyia. Maelezo ya lebo ya vyakula vilivyofungashwa yamepangwa katika kiwango cha Afrika Mashariki namba EAS 38, na nakala unaweza kuiulizia UNBS, shirika la viwango la Uganda, kule Bweyogerere. Alama yao ya ubora hutolewa baada ya bidhaa kupimwa na kupitishwa. Kuichora kwenye kompyuta na kuichapa ni kosa, hata kama printa yako inaweza. Ukiipata kihalali inakusaidia ng'ambo pia, kwani sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambue alama za wenzao.

Vilevile wengi huchanganya mambo kuhusu utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha asili na kusamehewa ushuru wa forodha. Msamaha huo ni wa ushuru. Hauondoi masharti ya ubora wala ya lebo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Achali yangu ilikuwa njema, lakini bila lebo inayosomeka haikuvuka mpaka.

Niliporudi Busia na katoni nne, mvua haikunyesha. Yule mama hakuridhika na jua. Aliitisha kikombe cha maji ya chai yaliyopoa, akamwagia chupa moja, akaifuta kwa khanga yake mara mbili, kisha akaisogeza karibu na macho na kusoma tarehe kwa sauti.

"Niachie zote nne," akasema. "Na wiki ijayo niletee nane."