Mtumwa binti Saad na swali la nasaba majumbani mwetu

Posa inapoletwa katika nyumba zetu za pwani, wazee hukaa barazani na kuuliza maswali yao kwa utaratibu unaojulikana. Huulizwa dini ya kijana, kazi yake, na mwenendo wake msikitini na mtaani. Kisha mjumbe huondoka, sauti hushuka, na hapo hunong'onwa swali ambalo halikusemwa mbele yake: huyu hasa ni mtu wa wapi? Babu yake alikuwa nani, na alikujaje pwani? Wasomaji wetu wanajua swali hilo linatafuta nini. Linatafuta kama katika ukoo ule alipita mtumwa. Na pale ambapo watu wamesahau, rangi ya ngozi na nywele hufanywa mashahidi.

Juma hili tumeona tulizungumze jambo hilo kwa kupitia fasihi yetu wenyewe, kwani limo humo tangu zamani, na waliolibeba ni wanawake.

Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Hatuhitaji kuusifu mbele ya watu wa Lamu na Mombasa, kwani mabibi wengi waliujua kwa moyo kabla ya sisi kuzaliwa. Ni sauti ya mama anayejua kwamba siku zake zimekaribia, akimkabidhi mwanawe alicho nacho. Lakini miongoni mwa nasaha zake imo moja inayomtaka binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Mwana Kupona alisema kama bibi muungwana wa zama zake, na hatumhukumu kwa mizani ya leo. Tunachokumbusha ni kwamba utendi huo unaposomwa mbele ya wasichana thelathini, miongoni mwao wamo ambao mama wa bibi zao ndio wale wasiofaa kuchanganyika nao. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na kwetu katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Si zamani hivyo.

Wa pili alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya Kinyamwezi na Kizigua. Jina alilopewa ni Mtumwa. Aliuza vyungu, akivitangaza kwa sauti njiani, na hiyo sauti ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa na Muhsin Ali, na taarabu, ambayo katika majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, ikaanza kusikika kwa Kiswahili kinachofahamika na mchukuzi na mke wa mvuvi. Ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kuingiza sauti zao katika sahani za santuri, na sahani hizo zikaenea pwani yote. Alifariki mwaka 1950.

Tunajua wapo watakaouliza shekhe ana shughuli gani na mwimbaji. Hukumu ya muziki ina mahali pake, na wanazuoni wamekwisha kuijadili. Hapa hatuko katika mlango huo. Tuko katika maisha ya mja wa Mwenyezi Mungu aliyeitwa Mtumwa na akafa akiitwa Siti.

Mabadiliko hayo hayakuwa yake peke yake. Baada ya 1897 wanawake wa Unguja waliotoka utumwani waliiacha kaniki, nguo nyeusi ya kazi, wakavaa kanga za rangi na kufunika vichwa vyao kwa ukaya, kwani stara ya kichwa ilikuwa imehesabiwa kuwa haki ya waungwana. Msomaji na alifikirie hilo: mwanamke anayejifunika kichwa kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, na majirani wanamtazama.

Wapinzani wa Siti walimrushia maneno katika nyimbo. Walimkumbusha alikotoka shamba, na wakamcheka sura. Alijibu kwa wimbo, akiweka kando uzuri na ukoo pamoja, na kuipa akili nafasi ya mbele. Alikuwa pia msemaji wa wanawake wasio na wa kuwasemea. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alivuka bahari akapona, na adhabu ikawaangukia wanawake wenyeji wake.

Siti hakujua kuandika. Maisha yake yametufikia kwa kalamu ya Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad uliotoka mwaka 1958. Mwandishi huyo naye alikuwa na asili ya Kiyao, Mwislamu mwenye jina la Robert, aliyejihesabu kuwa Mswahili bila kuomba ruhusa ya mtu. Labda ndiyo sababu alimwelewa. Watu wengi wa wakati ule walijitafutia babu wa Shirazi au wa Arabuni; katika Wasifu, asili ya Siti haikufichwa wala kupambwa.

Hapa ndipo tunapotaka wazazi watue kidogo. Nasaba kwetu huhesabiwa kwa baba. Mtoto wa suria alipozaliwa alichukua ukoo wa baba yake, na hiyo ni sheria yenye rehema, kwani ilimfanya huru na mrithi. Lakini desturi ikaongeza jambo lisilokuwemo katika sheria: ikamsahau mama. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, hakumsahau. Alieleza kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto na kuletwa kuwa suria; na kaka yake Barghash, aliyekuja kuwa Sultani, alizaliwa na mama Mhabeshi. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa katika jumba la mfalme, nyumba gani ya pwani itaapa kwamba hakupita mwanamke aliyenunuliwa? Anayesoma mababa saba kwa fahari amesoma nusu ya ukoo wake.

Tutaambiwa kwamba nasaba imo katika masharti ya kufu kwenye vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii. Naam, imo. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Kisa cha Fatima binti Qays kinajulikana: mwanamke wa Kikureshi aliyeposwa na wakubwa, Mtume (s.a.w.) akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, kijana mweusi, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzoni hakupendezwa. Kisha aliolewa, na mwenyewe akasimulia kheri aliyoipata humo.

Katika miaka yetu ya kufungisha ndoa tumesikia kufu ikitajwa mara nyingi na akina baba ambao hawakumuuliza binti hata neno moja. Tunakumbuka posa ya kijana aliyekuwa akiwasomesha Qur'ani ndugu wadogo wa msichana. Kwa miaka mitatu aliingia nyumba ile kila alasiri, akapewa chai na kuitwa maalim. Alipoposa, palitafutwa habari za babu yake. Msichana aliridhia, walii alikataa, na sababu aliyoitoa hadharani ilikuwa mahari. Shangazi wa nyumba, mzee asiyeona vizuri, ndiye aliyesema mbele ya wote kwamba bibi yake mwenyewe aliletwa na jahazi kutoka Kilwa na hakujua jina la baba yake. Baraza lilinyamaza. Ilichukua miezi minane hadi ndoa hiyo kufungwa, na baadhi ya jamaa hawakuhudhuria.

Tangu hapo, tunapowasomesha wasichana wakubwa utendi wa Mwana Kupona, tunawasomea na Wasifu wa Siti bega kwa bega, na tunawapa kazi ya nyumbani. Waandike jina la mama, la mama yake mama, na la mama wa huyo. Majina saba ya upande wa baba huletwa siku ya pili yake. Ya upande wa mama wengi hukwama katika la tatu. Bibi mmoja alimwambia mjukuu wake asiandike. Mwingine alikaa na mjukuu wake hadi isha akimtajia watu ambao binti yule hakuwahi kuwasikia. Tunawaomba akina mama wanaosoma ukurasa huu waketi na wazee wao wa kike kabla hawajaondoka, na majina watakayoyapata wayalete. Tumeweka daftari lake madrasani.