Mguu Umeteguka: Moto au Baridi?

Njia zetu za Gare unazijua. Ni za mlima, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Mama anashuka na tenga la kabichi kichwani, mguu unapinda, chini! Jioni kifundo kimevimba. Majirani wanafika, kila mtu na dawa yake. "Chemsheni maji mumkande!" anasema mmoja. "Mvuteni mpaka alie!" anasema mwingine.

Wote wanamtakia mema, lakini wanaweza kumwumiza zaidi. Mguu ukiteguka, kano zinazoshika mifupa huvutika au huchanika. Mishipa midogo ya damu nayo hupasuka ndani, ndiyo maana mguu unavimba. Moto huifungua mishipa hiyo, damu huja kwa wingi. Kwa hiyo siku mbili au tatu za kwanza usikande kwa moto, usisugue, usivute.

Tumia baridi. Sisi wa milimani hatuna haja ya barafu. Maji ya kijito mwezi wa Julai, nani asiyeyajua? Chovya kitambaa, kamua, weka juu ya kifundo kwa dakika 15, kisha ondoa. Rudia baada ya saa mbili hivi. Baridi hupunguza maumivu. Akilala, inua mguu juu ya mto.

Kama hawezi kutembea hata hatua nne, au mguu umekaa upande, huenda mfupa umevunjika. Huyo apelekwe hospitali ya wilaya, Lushoto, akapigwe picha.

Moto nao una kazi yake. Mgongo uliokaza kwa kulima, au goti la mzee linalouma asubuhi, hupenda kitambaa cha maji ya moto. Jaribu kwanza kwa mkono wako. Lakini mwenye ganzi miguuni, kama baadhi ya wagonjwa wa kisukari, asikandwe kwa moto. Ataungua bila kusikia.

Katika hospitali kubwa wapo wataalamu wa tiba ya viungo. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, huwafundisha. Wanazo mashine za umeme unaochezesha misuli, na nyingine za mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Watu huzisifu mno. Mimi nasema usisikitike ukizikosa, maana kazi yao kubwa ni kumfundisha mgonjwa mazoezi, na mazoezi hayataki umeme.

Basi tumrudie mama yetu. Asilale wiki nzima, kifundo kitakakamaa. Maumivu yakianza kupungua, akae kitini, aandike hewani kwa kidole gumba cha mguu: a, e, i, o, u, kama alivyoandika kisomoni. Afanye hivyo mara tatu kwa siku. Baadaye asimame kwa mguu ule ule akishika ukuta. Tenga la kabichi lisubiri mpaka aweze kusimama hivyo bila ukuta, akihesabu mpaka 30.